Mnyama kwanza, mwezi baadaye: namna ya kupanga msimu wa kuwinda wanyama wakubwa

"Nije mwezi gani?" Karibu kila mgeni anayepanga safari ya kuwinda huanza na swali hilo, na karibu kila mara linakuja mapema mno. Mwezi unaomfaa mtu anayefuata nyati dume mzee kwenye miombo ya Rungwa unaweza kumchosha bure anayemtaka chui, na ukamkosesha kabisa anayetafuta nzohe, swala wa kinamasi, kwenye matete ya Moyowosi. Ndiyo maana watu wawili huenda pori lile lile mwaka ule ule, mmoja akarudi akisifu na mwingine akirudi ananung'unika, na wote wanasema kweli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayepanga uwindaji wa kitalii ulio halali: mwindaji mwenyewe, wakala anayemshauri mteja, au Mswahili aliye ughaibuni ambaye marafiki wa kazini wamemwambia "wewe unatoka kule, tupangie". Nimeuegemeza Tanzania, kwa sababu hapa nyati, simba, chui na tembo bado huwindwa kwenye mapori makubwa yasiyo na uzio. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na haijalegeza, kwa hiyo mgeni anayetua Nairobi akidhani atawinda upande ule umrekebishe mapema kabla hajalipa tiketi. Nchi nyingine nimezigusa kuelekea mwisho.

Hatua ya kwanza: taja mnyama mmoja

Chukua karatasi, andika jina la mnyama mmoja ambaye ukimkosa utaona safari imeharibika. Mmoja tu. Chini yake andika wengine utakaowafurahia wakijitokeza. Orodha ya wanyama kumi wenye uzito sawa haipangiki, kwa kuwa tarehe zao zinagongana.

Nyati ndiye rahisi kupangiwa. Lazima anywe maji kila siku, basi kadiri maji yanavyopungua ndivyo njia zake zinavyojulikana. Tena madume wazee hujitenga na makundi wakati wa kiangazi, wakatembea wawili, watatu au peke yao karibu na mto. Mvua ikinyesha wanarudi kuchanganyika na majike, na hapo kumtoa dume mzee katikati ya nyati mia mbili wenye macho mia nne ni kazi nyingine kabisa.

Kiboko naye ni wa mwisho wa kiangazi, mabwawa yanapobaki machache. Mamba ni kinyume chake: asubuhi za baridi za Julai na Agosti humtoa majini akaota jua kwenye mchanga muda mrefu, wakati Oktoba jua kali linamrudisha majini mapema. Korongo na palahala, wale swala wakubwa wa miombo, hufuata majani mapya yanayochipua baada ya moto. Pofu hutembea sana na hategemei maji kama nyati, kwa hiyo humfuati kwa kulinda bwawa. Unafuata nyayo, na nyayo zinahitaji ardhi iliyo wazi. Nzohe huishi kwenye matete, na hapatikani mpaka maji ya kinamasi yashuke. Mara nyingi humvizia ukiwa juu ya ulingo, kati ya Agosti na Oktoba.

Chui ana hesabu yake, nitamrudia.

Hatua ya pili: soma mvua ya mahali unapokwenda

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa tarehe 1 Julai. Kwa miaka mingi ulifungwa 31 Desemba, kisha kanuni zikausogeza mbele hadi Machi. Hayo ni ya sheria. Pori lina ratiba yake, na hata siku ambayo sheria inakuruhusu, gari linaweza kukwambia hapana.

Tanzania haina mvua ya aina moja. Kaskazini na pwani kuna vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Kusini, magharibi na kanda ya kati kuna mvua ya msimu mmoja mrefu, takribani Novemba hadi Aprili. Hivyo Longido na Monduli haziwezi kupangwa kwa kalenda ya Rungwa au Rukwa-Lukwati. Watu wengi hupotea hapa: wanasikia "Novemba mvua" au "Novemba bado pakavu" bila kuuliza ni Novemba ya wapi.

Mwelekeo wa mvua za vuli hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania mwishoni mwa Agosti. Kama safari yako ni ya Novemba upande wa kaskazini, subiri taarifa hiyo kabla ya kukata tiketi isiyobadilika. Vuli ya 2019 na ya 2023 zote zilikuja na maji mengi kupita kawaida, na mwaka kama huo kambi iliyopo ng'ambo ya korongo la mchanga hugeuka kisiwa. Upande wa pili, kuna miaka ambayo kiangazi hakiishi. Mto Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka katika sehemu ya hifadhi kila mwaka tangu 1993, hasa kwa sababu ya maji yanayotumika juu, kwenye bonde la Usangu. Ramani ya zamani inayokuonyesha mto pale usiiamini kwa Oktoba.

Hatua ya tatu: pitia miezi ya miombo mmoja mmoja

Mapori mengi makubwa ya uwindaji yapo kwenye miombo au kandokando yake: Selous, Rungwa, Kizigo, Moyowosi, Rukwa-Lukwati. Kumbuka tu kwamba sehemu kubwa ya Selous ya zamani iligeuzwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019, na ndani ya hifadhi ya taifa hakuwindwi. Pori la akiba lililobaki ndilo lenye vitalu, yaani maeneo yaliyogawanywa kwa ajili ya kuwinda. Mtu akikuuzia safari ya "Selous" mwulize kitalu kipi na kiko upande gani.

Julai ni mwezi mzuri kwa mwili na mgumu kwa macho. Asubuhi kuna baridi, Rungwa usiku hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na mgeni aliyeambiwa Afrika ni joto anatetemeka kwenye gari lisilo na paa. Nyasi bado zimesimama, sehemu nyingine zinamzidi mtu kimo. Maji yapo kwenye vidimbwi vingi porini, kwa hiyo wanyama wametawanyika. Unaona nyayo nyingi na wanyama wachache. Ila Julai ina mambo mawili ambayo hutayapata tena mwaka huo: mgao wa wanyama wa kitalu, yaani idadi inayoruhusiwa kuwindwa mwaka huo, bado haujaguswa, na wanyama hawajasikia bunduki kwa miezi kadhaa. Anayemtaka simba au chui, na kampuni yake ina mgao mdogo, ana sababu nzuri ya kuja mapema.

Mambo ya moto yanaanza hapo hapo. Kambi hufunguliwa Mei na Juni, vijana wanafyeka barabara na uwanja wa ndege, kisha nyasi zikikauka kiasi huchomwa moto wa mapema, usio mkali, unaokula nyasi na kuacha miti. Baada ya wiki mbili tatu majani mabichi huchipua kwenye majivu. Kongoni, korongo na palahala wanayaona kabla yako. Uliza kampuni swali hili hasa: mmechoma upande gani, na lini? Mtu wa kambi anayejua kazi yake atakujibu papo hapo, tena kwa kutaja mito na vilima.

Agosti pori linafunguka. Nyasi zimelala au zimeungua, miti imeanza kupukutisha majani, vidimbwi vidogo vimekauka. Baridi ya asubuhi bado ipo na mchana haujawa wa kuumiza. Kama ungeniambia nichague tarehe za nyati bila kuniuliza kitu kingine, ningesema kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Septemba, na nisingeona haja ya kujitetea. Nyayo mbichi zinasomeka kwenye vumbi, mfuata nyayo anatofautisha ya jana usiku na ya asubuhi hii, na mnapomkaribia mnyama mnaona mita themanini mbele badala ya ishirini.

Septemba ni Agosti yenye joto. Mwishoni mwake miombo hufanya jambo linalowashangaza wageni: hutoa majani mapya, mekundu na ya rangi ya shaba, kabla ya tone la mvua kuanguka. Pori linapendeza, lakini uwazi ule wa Agosti huanza kuzibwa. Maeneo mengine utaona mbali zaidi tarehe 1 Septemba kuliko tarehe 10 Oktoba, ingawa Oktoba ndio pakavu zaidi.

Oktoba ni mwezi wa watu wagumu. Wanyama wamebanwa kwenye maji yaliyobaki, tembo wanashuka mtoni mchana, viboko wamejaa kwenye bwawa moja wakigombana. Kwa wingi wa kuona wanyama hakuna mwezi unaoufikia. Lakini bondeni, upande wa Rufiji na Kilombero, joto la mchana linafika mahali ambapo mtu wa miaka sitini aliyetoka kwenye kiyoyozi hawezi kufuata nyayo saa tano mfululizo. Anazimia, au anapiga risasi huku mikono inatetemeka, na nyati aliyejeruhiwa ni msiba wa kila mtu aliyepo. Mteja mwenye tatizo la moyo usimpeleke Oktoba kwa sababu tu picha za Oktoba ni nzuri.

Novemba na Desemba ni bahati nasibu yenye bei nafuu. Kampuni nyingi hushusha gharama. Mvua ya kwanza ikinyesha, ndani ya siku chache wanyama wote waliokuwa mtoni wanatoweka, kwa kuwa maji na majani yapo kila mahali. Udongo mweusi wa mbugani unashika magurudumu mpaka mnashinda mkichimba badala ya kuwinda. Kuna faida moja inayosahaulika: baada ya mvua ya usiku, nyayo zote za zamani zimefutwa, na kila alama unayoiona asubuhi ni ya leo. Mwindaji mwenye subira na mguu mwepesi anaweza kupata dume wa ajabu wakati huo. Mgeni wa mara ya kwanza asithubutu.

Januari hadi Machi kwenye miombo sipendekezi, hata pale karatasi inaporuhusu.

Hatua ya nne: kaskazini ihesabu peke yake

Umasaini, kuanzia Longido na Monduli hadi Simanjiro, ni nchi kavu, wazi, ya migunga na vumbi jekundu. Choroa, swala twiga, swala granti na tandala mdogo ndio wanaowaleta watu huku. Swala twiga na choroa huishi muda mrefu bila kunywa, basi ile kanuni ya kulinda maji haina nguvu kwao. Hapa kinachoamua ni majani kwenye vichaka na mifugo. Ng'ombe wakihamishiwa upande fulani kutafuta malisho, wanyama nao husogea, na wafugaji huhama kufuatana na mvua. Kabla ya kufunga safari, uliza mifugo iko wapi mwezi huo. Ni swali linalowashangaza mawakala wa Ulaya lakini hakuna mwindaji bingwa wa Longido, yule mtaalamu anayeongoza wageni porini, atakayeliona la ajabu.

Julai hadi Septemba panafaa, isipokuwa miinuko ya Monduli ambako baridi na ukungu wa Julai hukaa mpaka saa nne asubuhi. Vuli ikianza, nyasi fupi huota haraka na wanyama husambaa. Maswa, inayopakana na Serengeti upande wa kusini-magharibi, ina ladha yake: nyumbu wanaohama huingia nyanda za kusini kati ya Desemba na Machi, na simba wako nyuma yao. Lakini nyati wa Maswa wana maisha yao kwenye vichaka, na kwao miezi mikavu bado ndiyo bora.

Hatua ya tano: chui na simba wapangiwe tofauti

Chui kwa kawaida huwindwa kwa chambo: swala mzima au mguu wa pundamilia unafungwa juu ya mti, halafu mnasubiri kwenye kibanda cha majani. Hesabu ya msimu hapa ni hesabu ya nyama. Julai na Agosti chambo hukaa siku kadhaa kikifaa kuliwa. Oktoba kinaoza upesi, mnalazimika kubadilisha mara kwa mara, na kila mnapokwenda kubadilisha mnaacha harufu na nyayo zenu pale. Kwa chui basi napendelea mapema, hata kama nyasi ni ndefu, kwa kuwa yeye humfuati, anakujia.

Kuwinda usiku ni marufuku Tanzania, kwa hiyo chui lazima aje kukiwa bado kuna mwanga. Chui anayefika mara mbili akiwa amechelewa robo saa ndiye anayemaliza siku za watu. Ndiyo sababu safari ya chui au simba huwa ndefu, kwa desturi siku 21, huku ya nyati ikitosha siku 7 hadi 10. Usijaribu kumbana chui kwenye siku saba kwa kuwa ndio likizo uliyopewa.

Simba ana sharti la umri. Kanuni za Tanzania zinataka dume wa miaka 6 au zaidi, na kampuni inayoleta ngozi ya kijana inaadhibiwa. Umri husomwa kwa manyoya ya shingoni, kovu, meno, na pua inayozidi kujaa madoa meusi. Yote hayo yanahitaji kumwona kwa utulivu, kwa mwanga mzuri, bila nyasi kumficha nusu ya uso. Agosti na Septemba zinakupa nafasi hiyo. Julai huenda ukaona mkia na sikio.

Hatua ya sita: angalia mwezi wa angani pia

Tarehe zikishabaki za wiki tatu nne, fungua kalenda ya mwezi. Usiku wa mbalamwezi nyati hula mpaka alfajiri na kunywa mapema, halafu jua likichomoza wameshaingia kichakani. Mnaanza kuwafuata wakiwa na saa mbili mbele yenu na upepo umeshaanza kugeuka. Usiku wa giza wanachelewa, na asubuhi mnawakuta bado wako wazi.

Kuhusu chui wawindaji bingwa wamegawanyika na kila mmoja ana hadithi yake. Mimi hupanga siku za kibanda ziangukie kwenye giza kila inapowezekana. Kwa safari ya siku 21 huna ujanja, utapata mwezi wote, mpevu na mwembamba. Kwa safari ya siku 7 ya nyati, tofauti ya wiki moja katika tarehe haikugharimu kitu ukiisema mapema.

Hatua ya saba: linganisha tarehe na mgao na makaratasi

Kila kitalu kina mgao: idadi ya wanyama wa kila aina wanaoruhusiwa kwa mwaka, chini ya usimamizi wa TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Kampuni inauza safari kwa kugawa mgao huo kwa wateja wa mwaka mzima. Kama kitalu kina chui mmoja amebaki na kuna wateja wawili mbele yako, mwezi wako bora haukusaidii kitu. Taka kwenye mkataba iandikwe kwamba mnyama wako yupo kwenye mgao na hajaahidiwa mwingine. Hapo ndipo Septemba nzuri hushindwa na Julai ya kawaida.

Nafasi za Agosti na Septemba hujaa mapema, mara nyingi mwaka mzima kabla. Nazo karatasi zina mwendo wake. Kibali cha kuingiza bunduki kwa muda kiombwe kabla, pamoja na namba za silaha na idadi ya risasi. Bunduki za nusu otomatiki na bastola hazikubaliwi kwa uwindaji, na kwa wanyama hatari kipimo cha chini cha risasi kinachotakiwa ni .375. Nyara za simba, chui, tembo na kiboko huhitaji kibali cha kusafirisha nje chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Mmarekani anayetaka kuzifikisha nyumbani nyara za simba, chui au tembo anahitaji pia kibali cha serikali yake, na hicho hakiji kwa wiki. Kwa hiyo anayeamua Mei kwamba atawinda chui Julai huenda akawinda vizuri na ngozi ikabaki Tanzania.

Hatua ya nane: fikiria ngozi na nyama kabla ya kupiga

Hili huachwa nyuma, halafu linaleta kilio miezi sita baadaye kwa mtengeneza nyara. Ngozi huharibika kwa unyevu na joto. Ikicheleweshwa kupakwa chumvi, au ikakunjwa ikiwa mbichi, bakteria hula mizizi ya manyoya na yote yanatoka kwa mikono kama kuku aliyechovywa maji ya moto. Kwenye hewa kavu ya Agosti, ngozi iliyokwanguliwa nyama vizuri, ikasuguliwa chumvi ya kutosha na kutandazwa kivulini, inakauka kwa siku chache. Desemba kwenye mvua, vijana wa banda la ngozi wanapigana nayo usiku kucha chini ya turubai. Ukienda miezi ya mvua hakikisha kambi ina banda lenye paa zima na magunia ya chumvi ya akiba, na umwambie mwindaji bingwa wako kwamba ngozi ya kichwa na mabega ishughulikiwe siku hiyo hiyo.

Nyama nayo: nyati mmoja ni mamia ya kilo. Mwezi wa baridi inakatwa vipande, inaanikwa, inafika kijijini ikiwa nzuri. Mwezi wa joto lazima gari liondoke siku ile ile.

Hatua ya tisa: ndorobo na mwili wako

Ndorobo, yaani mbung'o, wapo miombo mwaka mzima. Asubuhi za baridi za Julai wanalala mpaka jua lipande, na unapata saa mbili za amani. Kuelekea Oktoba hujikusanya kwenye vivuli vya mtoni, kule kule unakofuata nyati. Hufuata kitu kinachotembea, na hupenda bluu na nyeusi, basi fulana ya bluu iache mjini. Wanaweza kuambukiza malale, kwa hiyo homa inayokuja wiki kadhaa baada ya kurudi mwambie daktari ulikuwa wapi. Malaria huzidi mvua zikianza, lakini dawa ya kinga tumia miezi yote.

Jaribu kutembea nyumbani kabla ya kuja, na viatu vile vile utakavyovaa. Mtu anayetembea kilomita kumi bila shida atapata zaidi Septemba kuliko asiyeweza kilomita tatu.

Nje ya Tanzania

Kusini mwa bara kanuni ni ile ile, majira ndiyo yanasogea. Afrika Kusini, Mei hadi Agosti ni kipupwe kikavu: majani yamepungua na tandala dume, ambao Mei na Juni hufuata majike, huonekana zaidi. Namibia hufungua uwindaji wa nyara Februari na kufunga mwisho wa Novemba, na katikati ya mwaka ndipo pazuri. Zambia, bonde la Luangwa, ni Juni hadi Oktoba. Zimbabwe kwenye bonde la Zambezi Oktoba ni tanuri, lakini wawindaji wa tembo huistahimili makusudi. Botswana ilifunga uwindaji mwaka 2014 na kuurudisha 2019, na msimu wake kwa kawaida unaishia Septemba.

Kamerun ndiko kanuni inapogeuka. Savana ya kaskazini huwindwa kati ya Desemba na Mei, kwa kuwa huko huo ndio ukavu. Lakini kwenye msitu wa kusini-mashariki, anayemtaka bongo, swala mkubwa wa msituni, huja Mei hadi Julai, mvua zikiwa zimeanza. Msituni hakuna anayeona mbali mwezi wowote, na majani makavu hupiga kelele kila unapokanyaga. Mvua huyalainisha na kuacha nyayo mpya ambazo mbilikimo wafuata nyayo na mbwa wao huzishika asubuhi. Anayekwenda Kamerun na hesabu ya Rungwa ya kufuata ukavu atafika msituni miezi kadhaa kabla ya wakati.

Maswali ya kutuma kabla ya kulipa malipo ya kwanza

Yaandike kwenye barua moja fupi, na uombe yajibiwe na mtu aliyekuwa kambini msimu uliopita, si na ofisi. Maji gani yanabaki kitaluni Septemba, na yako umbali gani kutoka kambini? Mlichoma lini mwaka jana? Wateja wawili wa mwisho wa tarehe hizi waliondoka na nini, na walitembea kiasi gani kwa siku? Mnyama wangu amebaki wangapi kwenye mgao, na kabla yangu kuna nani? Mvua ikija mapema, mnanihamishia kitalu gani, au mnanirudishia nini? Barabara ya kwenda uwanja wa ndege hukatika mwezi gani?

Jibu likija na majina ya mito, umbali na tarehe, lipa. Likija na picha za machweo, endelea kuuliza kwa kampuni nyingine.